Fungua kile chumba cha chini, kiwe besi ya familia

Niambie ukweli, hakuna anayesikia. Kwenu sebuleni huketi nani?

Najua si wewe. Viti vimefunikwa vitambaa vyeupe ambavyo mathe alifuma mwenyewe, na ukiegemea kimoja kikasonga utaitwa kwa majina yako yote matatu. Kabati la vioo limejaa vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai. Rimoti bado iko ndani ya nailoni iliyokuja nayo. Hiyo ni sebule ya wageni, na mgeni mwenyewe huja mara mbili kwa mwaka, tena akiwa na haraka. Wewe uko chumbani, umelala chali, simu kwenye chaji, bando inayoyoma. Mathe yuko jikoni. Mzee yuko nje kwenye kiti cha plastiki anasikiliza taarifa. Ndugu yako mdogo "hajulikani aliko", ingawa kila mtu anajua: yuko stejini, kwenye besi na wasee wake.

Watu watano, nyumba moja, na hamna mahali pa kuketi pamoja bila mtu kuonekana anaharibu kitu. Na kama kwenu ni kama kwetu Ewuaso Kedong, chini ya miguu yenu kuna chumba kizima ambacho wapangaji wake ni panya na mifuko mitupu ya simiti.

Leo nataka tuongee kuhusu hicho chumba.

Kwanza nieleze, maana msomaji wa Umoja au Pipeline atauliza besimenti inatoka wapi huku mashinani. Ukitoka Ngong ukielekea Suswa, barabara inakushusha kwenye Bonde la Ufa. Nyuma yako unaacha mitambo ya upepo ya KenGen juu ya milima, mbele yako Mlima Suswa unaanza kujitokeza, na kando ya barabara ploti nyingi zimelala kwa mteremko. Ukitaka kujenga hapo una njia mbili. Uchimbe mlima hadi ploti iwe sawa, jambo linalokula pesa kama moto, au uinue kuta na nguzo upande wa chini ili slebu ikae sawa na upande wa juu. Wengi huinua. Zikifika futi nane hivi, chini ya slebu panabaki nafasi ya mtu kusimama. Mwenye nyumba anaiangalia na kusema, "Hapa nitaweka chumba cha kukodisha." Anaongeza ukuta mmoja au miwili ya mawe, anaacha tundu la dirisha, halafu karo za shule zinaingia na mjengo unasimama. Miaka kumi baadaye tundu la dirisha bado ni tundu.

Wenzetu wa Kitengela, ninyi ni hadithi tofauti. Huko kuna ule udongo mweusi wa pamba unaofura mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi kikija, na mtu akikushauri uchimbe chumba chini ya nyumba humo, muulize kama anauza simiti. Lakini hata ninyi mna vyumba vinavyosubiri: gereji isiyo na gari, orofa ya pili isiyo na madirisha, vyuma vimechungulia angani vikingoja pesa za slebu ya juu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kaunti ya Kajiado, ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Watu wote hao wamekuja kujenga, na ukipita huku kwa matatu utadhani kaunti nzima ni mjengo mmoja ambao fundi ameenda kula lunchi.

Kule Marekani unakoona kwenye filamu vijana wamejaa besimenti na meza ya puli, chumba hicho kilitokana na baridi. Sehemu nyingi za huko ardhi huganda majira ya baridi, kwa hivyo msingi lazima uchimbwe chini ya pale ganda linapofika, na ukishachimba hivyo, ni rahisi kuendelea kidogo ukapata chumba. Sisi ardhi yetu haigandi. Besimenti yetu imeletwa na mteremko, na imeachwa nusu kwa sababu ya mfuko. Kwa hivyo usiende Pinterest kutafuta picha ukakata tamaa. Wao wana lao, sisi tuna letu.

Sasa yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili. Sababu ni ndefu na sehemu yake ni pesa, sehemu ni mimi mwenyewe, na leo si siku yake. Nikarudi nyumbani na begi moja na laptopu. Mzee hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alinisalimia kila asubuhi, akauliza kama nimekula, basi. Miezi minne tuliishi kama wapangaji wawili wa ploti moja wanaokutana kwenye mfereji. Kama umewahi kurudi nyumbani ukiwa na habari mbaya, unajua ninachosema. Nyumba inakuwa na kona nyingi za kujificha lakini haina hata moja ya kukutana.

Siku moja mathe alinituma chini nikamtafutie jembe. Nikasimama mle ndani nikiwa nimewasha tochi ya simu. Futi 22 kwa 14. Ukuta wa nyuma umeshika mlima, ukuta wa mbele una tundu la mlango na matundu mawili ya madirisha yanayotazama bondeni moja kwa moja hadi Suswa. Mandhari bora kuliko yote kwenye ile boma, na tulikuwa tumeyapa panya. Nikajiambia, hii ni besi. Hata jina lenyewe linasema. Besi, besimenti.

Nilianza na ufagio. Sikuomba ruhusa ya kujenga kitu, niliomba ruhusa ya kufagia, na nakushauri ufanye vivyo hivyo. Hakuna mzazi Mkenya anayekataza kijana kufagia. Ilinichukua siku tatu kutoa mbao zenye misumari, mabati yaliyotoboka, mitungi iliyopasuka na godoro ambalo sitalizungumzia.

Halafu nikafika kwenye jambo ambalo wengi huruka: maji. Chumba kilichoegemea mlima kitakunywa maji ya mlima, na usipojua yanaingilia wapi utanunua mkeka mzuri wa plastiki sakafuni na baada ya mvua moja utanuka kama soksi. Kuna kipimo rahisi. Kata kipande cha nailoni cha futi mbili hivi, kibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne pasiwe na mwanya, ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, unyevu unatoka ardhini. Ukikuta matone upande wa juu, ni hewa ya chumba tu, fungua madirisha. Fanya hivyo hivyo ukutani.

Nilikuwa nimepiga magoti nabandika ile ya ukutani mzee alipotokea mlangoni.

"Kijana, hiyo nailoni ni ya nini?"

"Ya kupima unyevu, baba."

"Hayo ndiyo mlikuwa mkifunzwa kule?"

"Hapana. Haya nimejifunza baada ya kutoka."

Akakaa kimya. Nikadhani ameenda. Kesho yake asubuhi nailoni ya ukuta wa nyuma ilikuwa imejaa matone kwa ndani, nikamwonyesha, akaangalia muda mrefu kisha akasema ukuta hauna makosa, makosa yako nje. Maji ya mlima yanakuja moja kwa moja hadi kwenye mawe kwa sababu hakuna mtaro. Akachukua lile jembe. Tulichimba mtaro siku mbili, kutoka nyuma ya nyumba kuzunguka hadi kando. Mengine tuliyoongea kwenye ule mtaro ni yetu, ila karo ilitajwa, na mlima haukuanguka.

Naomba usilichukulie suala la maji kama mapambo ya makala. Bonde hili lina tabia yake. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka na kukata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, karibu na Suswa. Watu walibishana kama ni Afrika inagawanyika au ni maji yamekula udongo huu wetu wa majivu ya volkeno ambao ni mwepesi kubebwa. Na Aprili 2024, kule Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamekusanyika juu yalishuka usiku na kuua makumi ya watu waliokuwa wamelala. Kwa hivyo kabla ya kiti wala taa, jiulize maji yakija kwa fujo yatapita wapi. Kama chumba chenu kiko kwenye njia ya korongo, au sakafu ina ufa unaokua kila msimu, hicho si besi. Kifunge, uitafutie familia mwembe. Na tafadhali, usiguse nguzo. Usibomoe hata jiwe moja la ukuta uliobeba slebu ili "kupanua kidogo". Ukitaka kupanua, mwite mhandisi, si mimi wala binamu yako wa mjengo.

Baada ya mtaro, kazi ilikuwa nyepesi. Sakafu ilikuwa na mashimo, tukaziba kwa mifuko miwili ya simiti. Kuta tulipaka chokaa. Usipake rangi ya mafuta kwenye ukuta ambao bado unapumua unyevu, itatoka magamba kabla ya Krismasi. Chokaa inauacha ukuta ukauke wenyewe, na inaleta mwanga ambao hutaamini. Paleti tisa kutoka kwa jamaa wa hadiwea, shilingi mia tano kila moja, zikawa viti vya kuzunguka kuta tatu. Magodoro ya zamani yalikatwa, mathe akayashonea mashuka aliyokuwa ametupa sandukuni. Madirishani tuliweka wavu na mbao za kufunga upepo, maana upepo wa huku usiku si wa mchezo. Stima ilivutwa na fundi. Usininingʼinizie ekstensheni tatu zilizounganishwa kutoka jikoni, ukifikiri ni ujanja.

Jumla, kwa hesabu yangu, haikufika elfu 15, na nusu yake ilikuwa fundi wa stima.

Kitu kimoja bado napigia kelele kila jioni. Ikija baridi ya Julai, mtu atasema tulete jiko la makaa humu tuote. Hapana. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Kwetu jiko linakaa nje ya mlango, chai inaingia, jiko linabaki. Ukisikia baridi, blanketi.

Nimefika sasa kwenye ubishi wenyewe, na sitaki kuukimbia. Utaniambia, "Boss, hicho chumba ni pesa." Mzee aliniambia hivyo hivyo. Bedsita ya elfu sita kwa mwezi ni elfu 72 kwa mwaka, na tangu reli ya SGR ifike Suswa mwaka wa 2019 na lami kuboreshwa, watu wanaotafuta nyumba upande huu hawakosekani. Kwa familia ambayo kijana wake ameacha chuo na msichana wake yuko kidato cha tatu, elfu sita si mzaha. Sina hesabu ya kushinda hiyo.

Ninachosema ni hiki. Bedsita inahitaji choo chake, mfereji wake, mita yake ya stima, mlango wa chuma na madirisha ya vioo. Hizo pesa mzee hajazipata kwa miaka kumi. Muda huo wote chumba hakijaingiza hata shilingi moja, wala hakuna aliyekikalia. Tumekuwa tukiheshimu mpangaji ambaye hajazaliwa. Kikikamilika na mpangaji akapatikana, tutakaa chini tuongee kama familia. Lakini kungoja kwa mikono mitupu si mpango wa biashara.

Tena kuna hesabu nyingine ambayo wazazi hawaiandiki. Ndugu yangu ana miaka 17. Akikaa kule stejini jioni moja, kuna soda, kuna wa kumkopesha mia ya kubeti, kuna wa kumpa kitu cha kutafuna. Wazazi wanalalamika vijana wanapotelea kwenye besi, halafu nyumbani wamemwekea sebule ambayo akiingia na viatu ni kesi. Kijana hataki anasa. Anataka mahali pa kuketi vibaya. Pa kucheka kwa sauti, kumwaga chai, kunyoosha miguu, na asiulizwe kila dakika tano ameshafanya nini na maisha yake.

Na dada zetu? Hapa ndipo niliposhtuka mwenyewe. Sisi wavulana angalau tuna besi ya stejini, mbovu au nzuri. Dada yangu hana. Msichana akiketi stejini robo saa, habari itamtangulia nyumbani. Akitoka jikoni anaenda chumbani, akitoka chumbani anarudi jikoni. Wiki ya kwanza chumba kilipofunguliwa yeye ndiye alikaa pale kuliko wote, na vitabu vyake, na wenzake wawili wa darasa ambao mathe hakuwahi kujua hata majina yao. Hakuna aliyewaita wageni. Hakuna aliyekimbia kuosha vikombe vya kabatini.

Watu wa Pwani walilitatua hili zamani. Ukienda Lamu utaona baraza, benchi za mawe zilizojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, mbele ya mlango. Hazina matakia ya kuharibu, huwezi kuziiba, huwezi kuzificha wageni wakija. Mtu anaketi tu. Hata nyani wa Suswa, samahani kwa mfano, wanatushinda: kwenye mapango ya ule mlima kuna moja ambalo watu hulitembelea na kuliita bunge la nyani, kwa sababu kundi zima hurudi humo kulala pamoja. Besimenti ya mawe, bila simiti wala foleni ya hadiwea, na kikao hakikosi akidi.

Sidanganyi kwamba kila kitu kimekuwa shwari. Ndugu yangu bado huenda stejini, ila sasa hurudi mapema na mara nyingine huja na wasee wawili ambao mzee anawahoji kama chifu. Tumegombana kuhusu rimoti. Tumegombana kuhusu nani anafagia. Mathe alikataa kushuka wiki mbili nzima, akisema kule chini ni kwa vijana, hadi siku ile ya Agosti 2025 Harambee Stars walipotolewa na Madagascar kwa penalti kwenye robo fainali ya CHAN. Tulikuwa watu 11 mle ndani, majirani wakiwemo. Mathe alishuka na sufuria ya chai kuangalia ni kelele gani, akabaki hadi penalti ya mwisho. Alipandisha sufuria tupu akimlaumu kipa ambaye hata jina lake halijui. Tangu siku hiyo ana kona yake, na ole wako ukalie.

Mzee naye ameleta bodi ya drafti aliyotengeneza kwa kipande cha mbao na vifuniko vya soda. Anacheza nami Jumapili jioni. Ananifunga, na akinifunga huuliza swali moja. Jumapili iliyopita aliuliza kama kuna kozi fupi ya mjengo ambayo mtu anaweza kufanya bila kulala Nairobi. Nilimwambia nitaangalia. Sijaangalia bado, lakini nitaangalia.

Mpaka leo hatujaweka mlango, tumetundika shuka. Mifuko mitano ya simiti ambayo mzee alinunua mwezi uliopita imepangwa kwenye kona, tayari kwa choo cha yule mpangaji, na kwa sasa shosho akitutembelea ndiyo anayoikalia, kwa sababu anasema paleti ziko chini sana kwa magoti yake.